Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Kuhusu Nakala za Sanamu za Kale Ninazochapa kwa Printa ya 3D Hapa Mombasa

Kazi hii naifanya nyumbani, Tudor, kwenye chumba kilichokuwa stoo. Nina printa mbili, meza ya msasa uani, na kabati lililojaa vichwa vya Wagiriki na Warumi vinavyongoja rangi. Maswali yafuatayo ni yale ninayopata kwa simu na mlangoni. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanahitaji kirefu.

Unatengeneza nini hasa?

Nakala ndogo za plastiki za sanamu zinazojulikana duniani, za kupamba sebule, rafu ya vitabu, saluni, hoteli au ofisi. Zinazotoka sana ni Venus de Milo (mungu wa kike wa mapenzi), kichwa cha Daudi wa Michelangelo (mchongaji wa Italia), Ushindi wenye Mabawa wa Samothrace, Mrusha Kisahani wa Myron na Malkia Nefertiti wa Misri. Nefertiti si wa Ugiriki wala Roma, lakini hapa Mombasa hakuna sanamu inayoulizwa kama yeye, nami siwezi kumfungia mlango.

Nachapa pia nguzo za Kigiriki, vyungu na maua ya nakshi. Hayo nimeyaeleza huko chini.

Printa ya 3D inafanyaje kazi? Ni kama kuchonga?

Ni kinyume cha kuchonga. Mchongaji huanza na gogo au jiwe akaondoa kisichotakiwa. Printa huanza na sahani tupu ikaongeza kidogo kidogo. Waya wa plastiki wenye unene wa milimita 1.75 unavutwa kutoka kwenye gurudumu lake, unaingia kwenye kichwa chenye moto, unayeyuka kwenye nyuzi joto 200 hivi na kutokea kwenye tundu la milimita 0.4. Tundu hilo linachora umbo la tabaka moja, linapanda juu kidogo, linachora la pili, hivyo hivyo hadi utosini. Nikitumia tabaka za milimita 0.12, sanamu ya sentimita 24 ina tabaka 2,000 kamili. Mashine inaweza kuanza baada ya swala ya alfajiri na isimalize hadi usiku wa manane.

Mbinu hii ilibuniwa na Mmarekani Scott Crump mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa miaka mingi hataza yake (haki ya kisheria ya mvumbuzi) iliifanya iwe mali ya viwanda. Hataza hiyo ilipoisha mwaka 2009, watu wa kawaida walipata upenyo. Tayari mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alikuwa ameanzisha mradi wa RepRap, wa printa inayoweza kuchapa sehemu zake yenyewe, na michoro yake akaitoa bure. Printa iliyo stoo kwangu ni mjukuu wa mradi ule.

Mbona Venus hana mikono? Unaweza kumwekea?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila anayeishika. Mama mmoja aliirudisha mezani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii imekuvunjikia, nipe nyingine."

Haikuvunjika kwangu. Venus alifukuliwa mwaka 1820 katika kisiwa cha Milos, Ugiriki, akiwa hana mikono, na mpaka leo anasimama hivyo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Ana urefu wa mita 2 na sentimita 4. Watu wamebishana miaka 200 alikuwa ameshika nini: tofaa, ngao, nguo yake mwenyewe? Ushindi wenye Mabawa naye alipatikana vipandevipande mwaka 1863 katika kisiwa cha Samothrace, na kichwa hakijaonekana hadi leo.

Kumwekea mikono naweza, kompyuta haikatai. Lakini sitaki. Nikiweka mikono nitakuwa nimebuni, halafu naandika chini ya sanamu jina la kazi ya mtu mwingine. Mteja akitaka mwanamke mwenye mikono, zipo sanamu nyingine nzuri zilizotufikia nzima, nitamwonyesha.

Kwani hizi si bandia tu?

Ni nakala, nami naona tofauti kubwa kati ya nakala na bandia. Bandia inakudanganya. Nakala inakwambia yenyewe kuwa ni nakala. Chini ya kila sanamu itokayo kwangu kuna maandishi yaliyochapwa ndani ya plastiki, si kibandiko cha kung'oka: jina la kazi, mahali ilipo ya asili, neno NAKALA, kipimo kama 1:10 (yaani sehemu moja ya kumi ya urefu wa asili), na mwaka niliouchapa. Mteja akiniomba nifute maandishi hayo, biashara inaishia hapo.

Tena ukifuatilia historia yake, kunakili ndiko kulikoziokoa sanamu hizi. Chukua Mrusha Kisahani. Myron aliisubu kwa shaba miaka 450 hivi kabla ya Kristo. Shaba ile imepotea. Tunaijua kwa sababu Warumi waliipenda wakainakili kwa marumaru. Ukiziangalia nakala hizo utaona kisiki cha mti nyuma ya mguu. Shaba haikukihitaji, kwani ni ngumu na ndani ina uwazi. Marumaru ni nzito na hukatika, kwa hiyo mchongaji Mrumi alilazimika kuweka kisiki kishike mguu.

Mara ya kwanza nilipochapa Mrusha Kisahani, programu ya kuandaa faili (umbo la sanamu lililo kwenye kompyuta) ilichora viegemeo vya plastiki chini ya mkono ulionyooka, kwa kuwa printa nayo haiwezi kuchapa juu ya hewa. Nilikaa nikavitazama. Tatizo lile lile, baada ya miaka 2,000 hivi, kwa fundi mwingine na kitu kingine. Vyangu navikata kwa koleo na kupiga msasa, kisiki cha Mrumi nakiacha.

Plastiki yenyewe ni gani?

Nyingi ni PLA, inayotengenezwa kutokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Inachapika vizuri, haipindi kingo kirahisi na harufu yake ni ndogo. Za kukaa nje au mahali pa joto natumia PETG au ASA. Za urefu wa kidole zenye uso mdogo sana huhitaji mashine ya resini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga), ambayo mimi sina. Resini mbichi inawasha ngozi na kuleta mzio, inataka glavu, na mabaki yake hayafai kabisa kumwagwa kwenye mfereji unaoishia baharini. Nyumbani kwangu kuna watoto wadogo, na chumba changu hakina dirisha la kutosha kwa kazi hiyo.

Itastahimili joto la hapa?

Ndani ya nyumba, ndiyo. Kwenye gari, hapana.

PLA huanza kulegea ikifika nyuzi 60 hivi. Kivulini Mombasa hatufiki huko hata kidogo, hata kaskazi ikikaza mwezi wa Februari. Lakini gari lililofungwa vioo juani ni tanuri, na dashibodi yake hupita nyuzi hizo bila taabu. Nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa napeleka Nefertiti Likoni, nikamweka kwenye kiti cha mbele, foleni ya feri ikawa ndefu, nikashuka kwenda kununua maji nikaacha vioo vimefungwa. Niliporudi shingo ilikuwa imeinama, polepole, kama mtu anayesinzia. Shingo ya Nefertiti ni nyembamba na taji lake ni zito, hivyo ndipo joto lilipoanza kula. Nilichapa upya kwa gharama yangu na mteja alisubiri siku tatu.

Tangu hapo nauliza kila mteja sanamu itakaa wapi. Dirisha linalotazama magharibi, baraza isiyo na kivuli, kaunta ya mgahawa karibu na jiko la chapati: hapo PLA haifai. PETG huvumilia hadi karibu nyuzi 80, na ASA hupita hapo na pia haichakazwi upesi na mwanga wa jua. Ni ghali kidogo na inachapika kwa ukaidi, ila ukitaka sanamu ya bustanini Nyali au Mtwapa, usikubali kuuziwa nyingine.

Upepo wa chumvi hauna shida na plastiki. Unakula mashine, siyo sanamu. Vyuma vya printa zangu navipaka mafuta kila wiki.

Ukubwa gani unapatikana, na bei unapangaje?

Napanga kwa mambo matatu: uzito wa plastiki, saa za mashine, na saa za mikono yangu. Hilo la tatu ndilo kubwa, ingawa wateja wengi hudhani mashine ndiyo inayofanya kila kitu.

Vipimo vya kawaida: Venus 1:10 ana sentimita 20 na ushei. Daudi mzima 1:20 anakaribia sentimita 26, kwa kuwa wa asili kule Florence, Italia, ana mita 5 na sentimita 17, mrefu kuliko mlango wa nyumba nyingi mara mbili na zaidi. Watu hushtuka nikiwaambia hivyo, kwa sababu pichani anaonekana kama mtu wa kawaida. Nefertiti 1:2 hufika sentimita 24 au 25.

Ombi linalotatiza ni hili: "Niongezee mara mbili tu." Ukirefusha sanamu mara mbili, inapanuka mara mbili na kunenepa mara mbili pia. Ngozi yake ya nje inakuwa mara 4 na nafasi ya ndani mara 8. Kwa kuwa ndani siijazi, naweka kimia chepesi tu cha plastiki, gharama huangukia katikati ya hapo. Sanamu iliyochukua saa 15 ikiongezwa "mara mbili tu" itataka siku tatu hadi tano za mashine kutozimwa. Na ikipita sentimita 25 haiingii kwenye printa yangu, inabidi niikate vipande na kuviunganisha kwa gundi na puti.

Inaonekana nyepesi sana. Naweza kupata yenye uzito?

Naweza kuijaza mchanga au plasta. Mchanga wa pwani hauingii hivi hivi, lazima uoshwe chumvi na ukaushwe kabisa. Plasta nayo ina hila: ikiwa inaganda hutoa joto, na ukimimina nyingi kwa mpigo joto hilo linaweza kulegeza PLA kutoka ndani. Mimi humimina vidole viwili, nikangoja ipoe, nikaongeza. Ukiona sanamu imetuna tumbo, mwenye kuijaza alikuwa na haraka.

Ile mistari ya tabaka huonekana?

Ikitoka kwenye mashine, ndiyo, kama alama za vidole. Hapo ndipo kazi ya mikono inapoanza. Msasa namba 120, kisha 220, kisha 400 kwa maji. Praima nzito ya kupuliza, ikauke, msasa tena. Usoni sipigi msasa kwa nguvu hata kidogo: kope na midomo ya Venus vina kina cha nywele chache, ukisugua mara tatu umemfanya mtu mwingine. Uso naufunika kwa praima nyembamba mara nyingi badala ya kuusugua.

Rangi ya marumaru ni nyeupe isiyong'aa, kisha mishipa ya kijivu nachora kwa unyoya wa kuku uliochovywa kidogo. Unyoya hutetemeka mkononi, ndiyo maana mshipa unatoka kama wa jiwe. Kwa shaba naanza na rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, halafu brashi iliyokaribia kukauka yenye rangi ya dhahabu inagusa sehemu zilizoinuka tu: pua, goti, kingo za nguo. Kwenye mikunjo naweka kijani kidogo, ile kutu ya shaba ya zamani.

Kuna umalizio wa tatu ambao sijauona kwingine, nao naupenda kuliko yote. Nachanganya chokaa na gundi nyeupe napaka kwa kitambaa, sanamu inapata uso wa kuta za Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Ushindi wenye Mabawa akivaa ngozi hiyo anaonekana kama aliyefukuliwa nyuma ya Fort Jesus.

Za asili zilikuwa nyeupe kweli?

Hapana. Nyingi zilipakwa rangi: nywele, macho, midomo, pindo za nguo. Mvua, udongo na miaka vikaondoa rangi, na watu wa Ulaya waliozifukua wakazipenda hivyo hivyo zikiwa nyeupe. Wataalamu wamepata mabaki ya rangi kwenye mikunjo ya sanamu nyingi. Kwa hiyo ukija kwangu ukataka sanamu ya Kigiriki yenye vazi jekundu na nywele za hudhurungi, usione haya. Uko karibu na Wagiriki kuliko anayetaka nyeupe tupu.

Mimi ni Mwislamu. Sanamu nyumbani inafaa?

Mimi si mwanazuoni, na swali hili nalirudisha kwa sheikh wako. Ninachojua, kama kila mkazi wa mji huu anavyojua, ni kwamba wanazuoni wengi wanakataza sanamu za viumbe wenye roho ndani ya nyumba. Simshawishi mtu kinyume cha hilo. Majirani zangu wengi ni Waislamu, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumbembeleza anunue kichwa cha mtu.

Sanaa ya kale haikuwa watu tu. Nachapa nguzo za Kikorintho zenye majani ya akanthasi kichwani, vyungu vya Kigiriki vyenye michoro ya mistari, mawaridi ya darini kutoka mahekalu, na vipande vya nakshi kama vya milango yetu ya Mji wa Kale vya kutundika ukutani.

Na ipo Fort Jesus yenyewe. Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ukiiangalia kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala, kwa sababu wasanifu wa zama zile waliamini kuwa vipimo vilivyo sawa vinapatikana katika mwili wa binadamu. Imani hiyo hiyo ilikuwepo zama za Michelangelo, aliyemaliza Daudi mwaka 1504. Basi anayetaka kitu cha ukoo ule bila uso wa mtu, nampa ngome, na kila siku anaweza kwenda kuiona ya kweli kwa tuktuk.

Zingine ziko uchi. Wageni watasemaje?

Swali la haki, na hata wafalme wameliuliza. Mwaka 1857 Malkia Victoria wa Uingereza alipewa zawadi ya nakala nzima ya Daudi, ya plasta, naye akaipeleka kwenye makumbusho ambayo leo yanaitwa Victoria na Albert, London. Makumbusho yakatengeneza jani la mtini la plasta, lililokuwa likitundikwa kwa kulabu mbili kila wageni wa kifalme walipokuja. Jani hilo lipo bado, limewekwa kwenye sanduku lake la kioo.

Mimi sitengenezi majani. Nina njia rahisi zaidi: chukua kichwa na mabega tu. Kichwa cha Daudi peke yake kina kila kitu, lile jicho linalopima umbali wa adui na lile paji lililokunjamana. Ushindi wenye Mabawa amevaa, na nguo yake iliyolowa upepo wa bahari ndiyo uzuri wake. Mtu wa pwani anaielewa nguo ile mara moja, ni leso siku ya kusi.

Faili unazipata wapi, na ni halali kuuza?

Kazi zenyewe ni za kale na hakimiliki yake haipo. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya kazi ya sanaa hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na Michelangelo alifariki mwaka 1564. Ila kazi na faili ni vitu viwili. Mtu aliyeskani sanamu au kuichora upya kwenye kompyuta anaweza kuweka masharti yake. Mradi wa Scan the World umekusanya maelfu ya faili kutoka kwa watu waliojitolea duniani kote, na makumbusho ya taifa ya sanaa ya Denmark yametoa skani za nakala zake za plasta. Masharti nayasoma moja moja.

Mfano ni Nefertiti. Alifukuliwa Amarna, Misri, mwaka 1912 na kikosi cha Mjerumani Ludwig Borchardt, na sasa yuko Neues Museum, Berlin, jambo ambalo Wamisri wamelilalamikia kwa miaka mingi. Skani ya makumbusho hayo ilikaa kabatini mpaka mwaka 2019, msanii Mmarekani Cosmo Wenman alipofanikiwa kuipata baada ya kuidai kwa miaka kadhaa akitumia sheria ya uhuru wa habari. Ilitolewa kwa sharti la kutofanyiwa biashara. Kwa hiyo ninayemuuza hatoki kwenye skani hiyo. Nilinunua faili ya mchoraji aliyemwunda upya na kuruhusu mauzo. Anayetaka kufanya kazi hii aanze na tabia hiyo. Kwa Daudi pia, ukifikiria kuuza Italia jua kwamba wana sheria ya urithi inayotaka ruhusa kwa biashara ya sura za kazi zilizo kwenye makumbusho ya serikali.

Unaweza kunichapia kigango?

Hapana. Nimeulizwa na wenye hoteli wawili na mtalii mmoja, na jibu ni lile lile.

Kigango ni mti uliochongwa na Wamijikenda, hasa Wagiriama, kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Husimikwa, na mahali uliposimikwa ndipo unapokaa mpaka uoze. Mti huo ni mzee yule mwenyewe. Vigango vingi viling'olewa usiku vikauzwa kwa watalii na kuishia kwenye makumbusho na majumba ya Marekani. Baadhi ya makumbusho yamevirudisha, yakiwemo ya Denver yaliyorudisha vigango 30, lakini familia nyingi bado hazijui wa kwao uko wapi. Mimi kuchapa kigango cha rafu ni kuzoesha macho ya watu kukiona kama pambo, na kukiona kama pambo ndiko kulikoleta wizi. Venus amepoteza waumini wake zamani sana. Kigango kina watoto na wajukuu walio hai Kaloleni na Ganze.

Huwaharibii kazi wachongaji wa Changamwe?

Nilikwenda kuwauliza wenyewe kabla sijaanza kuuza. Wachongaji Wakamba wa Changamwe wanachonga twiga, vifaru, bakuli, sura za wazee, kwa shoka na tezo, na wateja wao wanataka mti. Nilikubaliana nao jambo moja ninalolishika hadi leo: sichapi wanyama wa porini wala sura za Kiafrika wanazochonga wao. Faili za twiga ziko nyingi mtandaoni, bure, na kila mwezi mtu huniomba. Namwelekeza Changamwe.

Mmoja wao ndiye anayenitengenezea vitako vya mti vya sanamu kubwa. Analipwa kwa bei yake, sipunguzi.

PLA inatokana na mahindi. Basi inaoza yenyewe?

Usidanganywe hapa. PLA huoza kwenye mitambo maalumu ya mboji yenye joto la nyuzi 58 hadi 60 kwa wiki nyingi. Kwenye jaa la Mwakirunge au kwenye mikoko ya Tudor itakaa miaka na miaka kama plastiki nyingine. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 inastahili jibu la kweli kuhusu hili. Ndiyo maana sichapi vitu vya kutupa. Viegemeo na sanamu zilizoharibika nazikusanya kwenye gunia, nyingine nazivunjavunja ziwe kokoto za kujazia vitako. Ukichoka na sanamu uliyonunua kwangu, irudishe, nitaipaka upya na kumpa mwingine.

Nataka kuanza mwenyewe. Nianzie wapi?

Anza kwa kupambana na unyevu. Hapo ndipo Mombasa inapowashinda wengi. Waya wa plastiki hunyonya maji hewani, na msimu wa masika gurudumu lililoachwa wazi wiki moja tayari limeharibika. Utajua kwa sikio: nozeli, lile tundu la kutolea plastiki, inatatarika kama karai la viazi lililodondokewa na maji, na uso wa sanamu unatoka na vipele na nyuzinyuzi. Weka magurudumu yako kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana na vijipakiti vile vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Waulize wauza viatu wa Marikiti, wanavitupa. Waya ukishalowa, ukaushe kwenye joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa saa 6 au zaidi.

La pili ni stima. Printa ya nyumbani inakula kidogo, sanamu ya saa 20 hutumia uniti mbili au tatu. Shida ni kukatika katikati. Printa nyingi za sasa zinakumbuka zilipoishia, lakini sahani ikipoa sanamu inajibandua, na hata isipojibandua unabaki mstari kiunoni. Betri ya akiba yenye uwezo wa kubeba dakika 20 imeniokolea kazi nyingi kuliko kifaa kingine chochote nilichonunua.

Feni ya dari izime. Upepo wake unapoza upande mmoja wa sanamu na kupindisha kingo. Chumba kitakuwa cha moto, vumilia. Fungua dirisha, mvuke wa plastiki si wa kuvutwa siku nzima.

Na usianze na Laokoon. Ni mzee na wanawe wawili wakinyongwa na majoka, aliyefukuliwa Roma mwaka 1506, na kila mkono na kila joka ni kiegemeo kipya cha kukata. Nilimjaribu mwezi wangu wa kwanza nikaacha printa miezi miwili. Anza na kichwa cha Daudi, kitako kipana, shingo nene.

Naisafishaje?

Brashi laini ya rangi, kavu. Kitambaa chenye maji kidogo kikibidi. Maji ya moto na spiriti weka mbali, yanang'oa rangi.

Nimenunua, naishi ng'ambo ya Likoni. Niibebeje kwenye feri?

Ifunge kwa leso au gazeti, shingo na mabawa kwanza, uiweke wima kwenye kikapu chenye mdomo mpana. Ukivuka kwa miguu ibebe kifuani, siyo kichwani, maana msukumano wa kushuka Likoni unaujua. Ukivuka kwa gari, foleni ikisimama na ukatoka kununua maji, toka nayo.